Mama Mkwe Akisahau Jina Lako

Saa tano usiku simu inaita. Ni shosti wangu, analia mpaka haeleweki anasema nini. Mpenzi msomaji, ukisikia mwanamke aliyeolewa analia saa tano usiku, akili yako inakwenda wapi? Kwa mume, bila shaka. Nikakaa kitandani, nikajiandaa kusikia habari za nyumba ndogo.

Wala haikuwa hivyo. Walikuwa Bariadi, nyumbani kwa mume, kwa likizo ya mwisho wa mwaka. Siku ya tatu mama mkwe alisimama uani, mbele ya mawifi, mashemeji na majirani waliokuja kusalimia, akatangaza kwamba mkwe wake wa Dar kamwibia khanga mbili na pesa zake za pamba. Khanga zenyewe shosti ndiye aliyezinunua Kariakoo na kumpelekea. Mume naye, badala ya kumtetea mkewe, akasema maneno ambayo hadi leo yanamkaa rohoni: "Mama yangu hajawahi kusema uongo." Likizo yote iliyobaki wakalala mzungu wa nne.

Khanga zilikuja kuonekana wiki mbili baadaye, chini kabisa ya debe la michembe, na pesa zimefungwa humo humo kwenye ncha. Nani aliziweka? Mama mwenyewe. Hakuna aliyempigia shosti simu kumwomba radhi, ila hilo tuliache, ni mada ya siku nyingine.

Ikafika Machi. Alfajiri moja mama akakutwa kwenye zizi la jirani, kifua wazi, anaita jina la dada yake aliyefariki zamani sana. Jirani hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anatafuta nini usiku kwenye ng'ombe wangu?"

Kama wewe ni mtu wa Dar wa kuzaliwa, unaweza kuliona ni swali la kawaida. Kama una asili ya Usukumani, najua umeshashika kifua.

Swali la zizini

Tusidanganyane, kule kwetu bibi anayetembea usiku ana jina lake, na jina hilo limeua watu. Mwaka 2009 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanawake wazee 2,585 waliuawa katika mikoa minane ya Tanzania Bara ndani ya miaka mitano kwa tuhuma za uchawi. Mwanza iliongoza kwa 698, ikifuatiwa na Shinyanga, 522. Usiseme "afadhali Simiyu haimo." Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Wakati wa hesabu hizo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu, Mwanza. Bibi zetu wamo kwenye namba hizo hizo.

Habari ya macho mekundu wote tunaijua. Mama kapikia kuni na samadi miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, moshi umemharibu macho, halafu macho yale yale ndiyo yanageuzwa ushahidi. Sababu nyingine ni mashamba na urithi, au mtoto wa jirani akifa ghafla na mtu akatoka mbio kwa mpiga ramli.

Lakini hebu chukua dalili za huyu mama wa Bariadi uzipange. Anaamka usiku na kutoka nje. Anaongea na watu wasioonekana. Anaingia uwani kwa wengine akidhani ni kwake. Anasahau kuvaa. Anaficha vitu, kisha anawasingizia watu wizi. Mpe daktari orodha hiyo, atakwambia uchunguzwe ugonjwa. Mpe jirani mwenye hasira aliyefiwa na ndama watatu, atakwambia neno lingine kabisa. Orodha ni moja. Tofauti ni nani aliyeisoma kwanza.

Ndiyo maana mada hii nimeileta huku kwenye mapenzi na familia, badala ya kuiacha kwa waganga. Msomaji hasa wa kwanza wa orodha hiyo ni wewe, mtoto au mkwe, uliye mbali na unayesikia vioja kwa simu.

Si uzee, si wewe, si jini

Ugonjwa wenyewe unaitwa dimensia. Ni hali ya ubongo kuharibika taratibu, na kumbukumbu, lugha, hesabu na hata tabia zinaondoka moja moja. Aina inayojulikana zaidi ni ile ya Alzheimer, jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeielezea mara ya kwanza mwaka 1906. Hiyo inabeba asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu wenye presha ya muda mrefu au waliopata kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema wanaoishi na dimensia ni zaidi ya milioni 55, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi kama yetu, si Ulaya kama tulivyozoea kudhani.

Hapa Tanzania watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro. Waliwapitia wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba katika kila wazee mia, wenye dimensia ni kama sita. Sasa fikiria msiba wa mwisho uliohudhuria kijijini. Wale wazee waliokaa chini ya mwembe, hesabu.

"Lakini si kila mzee anasahau?" Ndiyo, anasahau. Mama akisahau kutia chumvi kwenye mlenda, huo ni uzee, na hata mimi nimo. Mama akisimama mbele ya sufuria ya maji yanayochemka na unga mkononi, akashindwa kukumbuka kinachofuata baada ya kusonga ugali miaka sitini, huo sio uzee. Akikuuliza habari za safari mara moja kisha akasahau jibu, sawa. Akikuuliza mara tisa kabla chai haijapoa, na kila mara uso wake ni wa mtu anayeuliza mara ya kwanza, hapo pana shida. Na akikwambia umeiba, usimkasirikie. Amekiweka kitu, ubongo haukuandika popote kwamba amekiweka, na kwa akili yake kitu kisichoonekana kimechukuliwa. Anayeshukiwa kwanza huwa ni aliye karibu au mgeni wa familia. Yaani hausigeli, au mkwe.

Shosti alipoelewa hili alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kumbe sikuchukiwa." Mwaka mzima alikuwa anaamini kachukiwa.

Zahanati, mara ya kwanza

Wifi ndiye aliyempeleka mama zahanati. Alimpakia bodaboda, mama katikati, wakakaa kwenye benchi tangu asubuhi pamoja na watoto wenye homa na wajawazito. Zamu yao ilipofika mazungumzo hayakuzidi dakika tatu.

"Bibi ana miaka mingapi?"

"Hatujui, anasema alizaliwa mwaka wa njaa."

"Basi ni uzee huo, dada. Mpeni chakula kizuri."

Wakapewa panadol, wakarudi nyumbani. Na wifi, ambaye aliomba nusu siku kwa fundi wake wa cherehani, akaapa hapotezi muda tena.

Nitakuwa muungwana hapa. Sitaki kumsulubu yule nesi. Yuko peke yake, foleni inafika mlangoni, na huenda katika mafunzo yake yote dimensia ilipita kama gari la mkaa usiku. Ila jibu lake ndilo ugonjwa wenyewe unaolisubiri. "Ni uzee" maana yake hakuna cha kuandika kwenye kadi. Na kisichoandikwa kwenye kadi, kijijini kitapewa jina na watu wengine.

Watu wengi wanadhani ugonjwa wa namna hii ni wa mabingwa na mashine kubwa, au ni mambo ya Mirembe, Dodoma, mahali ambapo wengi tunapataja kwa utani kwa kuwa tunapaogopa. Si kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2010 ulioandikwa makusudi kwa wahudumu wasio mabingwa, wa zahanati na vituo vya afya, na dimensia imo ndani yake pamoja na kifafa na sonona. Sehemu kubwa ya inayotakiwa ni masikio na maswali. Mashine ya maana kuliko zote ni ya kupimia presha.

Tena watafiti wale wa Hai, pamoja na wenzao wa Nigeria, walitengeneza kipimo kifupi kwa ajili ya wazee wetu hasa. Vipimo vya Ulaya vinamtaka mtu aandike sentensi na kuchora maumbo. Sasa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu utampima nini zaidi ya umaskini wake? Hiki cha kwetu kinamuuliza leo ni siku gani. Kinamtaka ataje majina ya wanyama kwa dakika moja, na kwa Msukuma aliyekulia zizini hapo hakuna kisingizio. Anasomewa maneno kumi ayakumbuke baadaye. Halafu anapangiwa njiti za kiberiti kwa mtindo fulani, naye aambiwe azipange vile vile. Kiberiti tu! Kila zahanati ya Simiyu haiwezi kukosa kiberiti. Kipimo hakimpi mtu hukumu ya mwisho. Kinamwambia mhudumu huyu mzee asirudishwe nyumbani na panadol.

Zahanati, mara ya pili

Safari ya pili mume alikwenda mwenyewe. Alichukua siku nne za likizo, akapanda basi. Safari hii walikwenda kituo cha afya, wakiwa na kitu kimoja ambacho mara ya kwanza hawakuwa nacho: daftari. Wifi alikuwa ameandika wiki tatu mfululizo kwa maelekezo ya shosti. Alianza lini kusahau, na ilikuja taratibu au ghafla. Anaamka usiku mara ngapi. Aliwahi kuanguka? Dawa gani anatumia, zikiwemo za mitishamba. Anakojoa vipi, anakula vipi. Ukurasa mmoja wa daftari la shule, ila ule ukurasa ulimfanya tabibu avute kiti.

Swali la ghafla au taratibu ndilo zito kuliko yote, na naomba ulishike hata kama utasahau mengine. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na Alhamisi anaongea na kuku hana dimensia ya siku tatu. Anaweza kuwa na malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kichomi, sukari iliyoshuka au upungufu wa maji mwilini. Hiyo ni dharura na inatibika, mpeleke siku hiyo hiyo. Tena kuna zinazokuja taratibu lakini nazo zina tiba: sonona baada ya kufiwa na mwenza, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya siku nyingi isiyotibiwa. Mzee anayeambiwa "ni uzee" anazikosa zote hizo.

Mama alipimwa. Presha ilikuwa juu, na hakuna aliyewahi kumpima maisha yake yote. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta, kwa hiyo nusu ya vitu alivyosemekana kavisahau hakuwahi kuvisikia. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Na baada ya yote hayo kusafishwa na kuandikiwa dawa ya presha, kusahau kulibaki pale pale. Wakapewa rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, palepale Bariadi, na kama ingehitajika zaidi wangekwenda Bugando, Mwanza. Kwenye kadi sasa pameandikwa ugonjwa.

Wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa mtu kupata dimensia. Kwa makadirio yao, yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepukwa au kucheleweshwa. Humo mna presha, kisukari, kutosikia, kutoona vizuri, pombe nyingi, sigara, upweke, na kukosa elimu utotoni. Hili la elimu liliniuma kidogo. Wasichana wa rika la mama yule walichunga ndama wakati kaka zao wanakwenda shule, na deni linakuja kudaiwa leo. Kwa upande wako wewe wa miaka thelathini na kitu unayesoma hapa na kinywaji pembeni, lini ulipima presha?

Kuponya, haiponi. Zipo dawa, mfano donepezil, zinazoweza kusaidia baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer kwa kiasi na kwa muda. Hizo ni za kuandikiwa na daktari, si za kuombwa duka la dawa. Dawa za usingizi ndo uwe nazo makini kabisa. Mzee aliyelazwa kwa vidonge usiku anaamka kalewa, anaanguka, anavunjika nyonga.

Na kabla hujaniuliza pesa: tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili matibabu bure, na halmashauri hutoa vitambulisho vyao. Mtoto mjini mwenye smatifoni ya bei mbaya, hakikisha mama ana kile kitambulisho.

Siku aliyoipeleka kadi kwa mwenyekiti

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Jioni ile ile mume alikwenda na kadi ya kliniki kwa mwenyekiti wa kijiji. Wakaitwa jirani mwenye zizi na kiongozi wa sungusungu. Aliwasomea. Akawaambia mama anaumwa ubongo, usiku anapotea, mkimkuta mkamateni mkono mpigieni mdogo wangu, namba hii hapa. Jirani aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akasema baba yake mwenyewe alimaliza hivyo hivyo, akiwaita wanawe kwa majina ya wajomba, na wao walimfungia ndani kwa aibu.

Sisemi karatasi inazuia panga. Ila kabla ya kadi ile kulikuwa na maelezo moja tu pale kijijini.

Ninyi wawili sasa

Rudi kwenye ndoa. Kelele za kwanza zilikuwa nani atamlea. Mume alitaka mama aje Dar, na akaja. Ghorofani, milango yote inafanana, hakuna ng'ombe, hakuna mtu wa kumwambia "mwangaluka" asubuhi. Kila jioni giza likianza kuingia alikuwa anafunga mizigo aende kwao, anagonga kwa majirani. Mtu wa dimensia anaishi kwa mazoea ya mahali, na ukimhamisha unamnyang'anya hata kidogo alichobakiza. Baada ya wiki tano akarudishwa Bariadi, na usiku ukapungua misukosuko.

Lakini kumrudisha mama maana yake ni wifi. Dada wa miaka thelathini na moja, cherehani limesimama, uchumba umesimama, kwa sababu yeye ni "msichana wa nyumbani". Kaka anatuma elfu hamsini kwa M-Pesa na kulala usingizi. Hapa shosti, yule yule aliyeitwa mwizi, ndiye aliyemkalia mumewe kooni. Wakakubaliana hivi: wanamlipa mama mmoja wa kijijini ashinde na mgonjwa siku tano, wifi arudi kwenye cherehani, na wao wawili wapeane zamu ya kwenda mara tatu kwa mwaka ili wifi apumzike kabisa. Bajeti ya sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yao ilikufa hapo. Hawajajuta, ingawa mume bado ananung'unika kidogo.

Halafu kuna kuongea. Mama anauliza dada yake yuko wapi. Mara ya kwanza walimwambia ukweli, "Alishafariki, mayu." Akalia kama kafiwa siku hiyo. Kesho yake akauliza tena, wakamwambia tena, akafiwa tena. Jamani! Sasa hawabishani. Wanamwuliza, "Dada yako alikuwa anapenda kupika nini?" na mama anasimulia nusu saa, anacheka. Akisema kaibiwa, wanatafuta pamoja naye, wakianzia kwenye debe.

Kuna kitu kingine walichojaribu Hai. Wazee 34 wenye dimensia waligawanywa katika vikundi vidogo, wakakutana kwa wiki kadhaa na kufanya mazoezi ya akili: nyimbo, michezo, kutaja vyakula, kuzungumzia mambo ya zamani. Matokeo yalitoka mwaka 2017, akili zilichangamka na wasiwasi ukapungua. Usukumani tuna wigashe, nyimbo za kuimba watu wamekaa. Mama asiyekumbuka kama amekula anazikumbuka zote, mwanzo hadi mwisho. Kituo cha afya chenye mwembe na mabenchi hakihitaji bajeti ya wizara kuanzisha siku moja ya wazee kwa wiki. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita majumbani kuuliza habari za mama na mtoto wangeweza kuuliza na habari za bibi.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao shosti wakati wa simu ya Bariadi. Mama alimwita kwa jina la yule dada marehemu, akamwuliza kama ng'ombe wamerudi. "Wamerudi wote, mayu," shosti akajibu, huku anachambua mchele. Kisha akamwomba wifi ashike simu. Kliniki ya presha ni tarehe 14, na safari hii ni zamu yake kwenda.